Kubadilisha ambreaje Bukavu: mwenyewe kwenye parseli au garaji?

Uko katikati ya mpando wa Kadutu, na nyuma yako kuna taksi-basi iliyokaribia kukugusa. Unakanyaga mafuta, moteri inapaa kwa kelele, lakini gari inatambaa kama mtu aliyebeba magunia mawili ya makala. Kisha harufu ya kitu kilichoungua inaingia ndani. Kesho yake simu yangu inalia: "Yaya, ambreaje imekufa. Naweza kuibadilisha mwenyewe hapa nyumbani, ao niende garaji?"

Nimejibu swali hilo mara nyingi mno, sasa naliandika. Mimi si mekanisiye. Nina Corolla ya miaka ya 1990, nimeshusha bwati yake mara tatu kwenye parseli yetu (uwanja wa nyumbani) hapa mtaa wa Muhungu, na mara moja nilijaribu Hilux ya shemeji. Ile Hilux ilimalizikia garaji, ikivutwa kwa kamba. Kwa hiyo hatua zote hapa chini ni za gari ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele: Corolla, Carina, Starlet na jamaa zao. Mwenye Land Cruiser, Hilux au Hiace asome sehemu ya uchunguzi na ile ya garaji. Hatua za katikati aziache, bwati yake ni mzigo mwingine kabisa.

Maneno kwanza, tusije tukapotezana. Sisi wa Bukavu, Kongo, tunasema ambreaje, ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema klachi. Bwati yetu ni giaboksi yao. Ndani kuna vitu vitatu vinavyouzwa pamoja kama seti. Kuna disiki, sahani yenye nyuzi ngumu za kusuguana pande zote mbili. Kuna plato, inayoibana disiki kwa springi yake. Na kuna bute, beringi inayosukuma vidole vya plato unapokanyaga pedali. Plato inafungwa kwenye volani ya moteri, ile sahani nzito ya chuma, si usukani. Nadharia imeishia hapo.

Nyumbani au garaji

Hesabu ambayo wengi huikosea ni ya pesa. Wanadhani wakifanya wenyewe wataokoa fedha nyingi. Huku kwetu kazi ya mkono ni rahisi: mara ya mwisho nilipolipa garaji, kazi haikufika nusu ya bei ya seti. Kinachokula dola ni vipuri, navyo utavinunua hata kazi ifanyikie wapi. Faida ya kufanya nyumbani ni kujua kilichoingia ndani. Kuna garaji moja niliyoiachia gari asubuhi, nikaichukua jioni na kulipa seti nzima mpya. Baada ya miezi minne ikateleza tena. Nilipofungua mwenyewe nikakuta plato kuukuu iliyopakwa rangi nyeusi, na ile rangi ilikuwa imetulia ndani ya mikwaruzo ya zamani kama maji ndani ya mfereji. Kipya kilikuwa disiki peke yake.

Adui wa kazi ya nyumbani katika mji huu ni mteremko. Nyumba zetu nyingi zimening'inia kilimani, na gari iliyoinuliwa kwenye mteremko inaweza kukuua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama unaweza, uliza kama una vitu hivi vinne: mahali tambarare na pagumu (saruji au changarawe iliyoshindiliwa), mtu wa pili mwenye nguvu na utulivu, paa au turubai, maana kati ya Septemba na Mei mvua haitoi taarifa, na siku mbili ambazo gari haihitajiki. Kikikosekana kimoja, usifanye nyumbani. Ndugu mmoja alinijibu kwamba angeweka mawe nyuma ya magurudumu. Mawe hayabadilishi mteremko kuwa uwanja.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo ninayowashauri wanaoanza: mwite mekanisiye aje kwako na vyombo vyake, wewe uwe msaidizi wake. Unanunua seti mwenyewe, unashika taa, unaona kila boloni (bolti) inapotoka. Mara ya pili ndiyo utafanya mwenyewe, ukiwa na namba yake kwenye simu.

Usishushe bwati kabla ya kuchunguza

Nusu ya watu wanaonipigia ambreaje yao ni nzima. Tenganisha magonjwa mawili: kuteleza na kutoachia.

Kuteleza ni pale moteri inapokimbia na gari haifuati. Tafuta sehemu tambarare, endesha kwa vitesi (gia) ya nne kama kilomita 40 kwa saa, kisha kanyaga mafuta hadi chini. Sauti ya moteri ikipanda peke yake na gari ikabaki pale pale, inateleza. Mara moja inatosha. Kila jaribio linaunguza kilichobaki. Kabla ya kuhukumu disiki, angalia pedali. Lazima iwe na nafasi ya bure juu kabisa, kabla hujahisi uzito. Kwa Toyota ndogo ni milimita 5 hadi 15. Isipokuwepo, bute inasukuma plato muda wote, na disiki inateleza ingali na nyama. Marekebisho yake ni dakika 10 chini ya dashibodi.

Kutoachia ni kinyume chake: unakanyaga pedali mpaka chini, na vitesi bado zinagoma au zinasaga, hasa ya nyuma. Hapo usikimbilie disiki. Fungua kapo (boneti), tazama kiwango cha likidi ya ambreaje (ni ile ile ya freni). Kisha tazama emeteri, pampu ya likidi iliyo upande wa pedali, na resepteri, pampu ndogo inayoipokea kwenye bwati. Vua mpira wa vumbi wa resepteri, ukikuta unyevu ndani yake, ugonjwa ni huo. Mipira ya ndani inauzwa peke yake kwa bei ya chini sana ukilinganisha na seti. Gari yenye kebo badala ya likidi, angalia kama kebo imekatika nyuzi.

Kelele nayo inasema. Ikilia ukikanyaga pedali na kunyamaza ukiachia, ni bute. Ikilia ukiachia na kunyamaza ukikanyaga, ni beringi ya bwati yenyewe, na hiyo ni kazi ya garaji.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

Seti ya disiki, plato na bute. Usinunue kwa kutaja jina la gari tu. Kwa Corolla pekee kuna disiki za vipimo tofauti, 200 na 212 milimita zikiwemo. Bora kushusha kwanza, kisha kwenda dukani na disiki ya zamani mkononi, mpime kipenyo na mhesabu meno ya katikati. Aisin na Exedy ni watengenezaji wa Kijapani wanaoaminika, na ndiyo maana maboksi yao huigwa. Tazama chapa iliyopigwa kwenye chuma cha plato, usitazame boksi. Okazioni (kipuri kilichotumika) ya Dubai inaweza kufaa kwa bwati nzima au kadani (mhimili unaozungusha gurudumu). Kwa disiki, hapana.

Vyombo: kriki (jeki) ya magurudumu na nyingine ya kawaida, shandeli (stendi za kuegemeza gari) mbili za kuaminika, dui (soketi) kuanzia 10 hadi 21 pamoja na ya 30, kle (spana) ya kupimia nguvu ya kukaza (azima ukiwa huna), chuma kirefu cha kung'olea, boriti ya mkaratusi na mnyororo au kamba ya nailoni, lita 2 za mafuta ya bwati 75W-90, likidi ya freni ya DOT 3, dawa ya kusafishia freni, msasa, grisi kidogo ya kustahimili joto, na kijiti cha kusawazisha disiki. Kijiti hicho seti nyingi huja nacho, cha plastiki. Ukikikosa, chonga mti mviringo na uuzungushie tepu mpaka ukae vizuri kwenye shimo.

Ongeza sili ya nyuma ya moteri na sili mbili za kadani. Usipozibadilisha sasa, utashusha bwati tena kwa ajili ya kipande cha mpira.

Taa ya kuchaji, chaji kabla. Umeme hukatika ukiwa chini ya gari na boloni moja imebaki. Nimeliona hilo mara tatu kati ya tatu.

Hatua

1. Egesha, funga freni ya mkono, ziba magurudumu ya nyuma mbele na nyuma. Ondoa waya wa batri wa hasi kwanza, kisha batri yenyewe, kibao chake na boksi la hewa. Bwati iko chini yake.

2. Gari ingali chini, toa pini za nati za kadani na uzilegeze kwa dui ya 30 huku mwenzako akikanyaga freni. Legeza na nati za magurudumu. Ukisahau hili na kuinua gari kwanza, utajikuta unavuta chuma cha mita moja juu ya shandeli, na hivyo ndivyo magari huanguka.

3. Inua mbele, weka shandeli kwenye sehemu ngumu za shasi, toa magurudumu. Bloku ya saruji hupasuka bila kuonya, rimu nazo hutereza. Kabla ya kuingia chini, sukuma gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Ikitikisika, anza upya. Magurudumu uliyoyatoa yalaze chini ya gari kama akiba.

4. Fungua kwanza tundu la kujazia mafuta ya bwati, kisha ndipo ufungue la kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu la kujazia likakataa kufunguka, umekwama na bwati kavu. Tazama mafuta yanayotoka: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida.

5. Tenganisha kebo za vitesi, waya wa spidi, plagi ya taa ya kurudi nyuma, waya wa masi (unaounganisha na bodi) na demareri (stata). Resepteri ifungue boloni zake na uining'inize pembeni na paipu yake, usikate likidi. Kuanzia hapo hakuna mtu kugusa pedali. Mtoto wa jirani aliingia ndani "kuendesha" gari yangu, pistoni ikaruka mpaka kwenye maua ya mama. Piga picha za kila waya kabla ya kutoa.

6. Fungua rotili (bol-jointi) ya chini, vuta kitovu cha gurudumu nje, usukume kadani itoke. Upande wa bwati, ing'oe kwa chuma kirefu kati ya bwati na kichwa cha kadani, pigo moja fupi. Usivute kadani kwa mikono kama unavuta mbuzi. Kiungo cha ndani kinafunguka na vipande vyake vinamwagika ndani ya soksi yake ya mpira.

7. Sasa tegemeza moteri. Hapa usikimbie. Bwati ikitoka, moteri inabaki bila mguu upande mmoja, na kitu pekee kinachoizuia isianguke ni utakachoweka wewe. Mimi naweka boriti ya mkaratusi kukatiza chumba cha moteri, ikikaa juu ya vikombe vya chuma vya amotiseri (shokapu), si juu ya bati la mbawa. Mnyororo unashuka kutoka boriti hadi kwenye sikio la kuinulia moteri, umekazwa mpaka uzito uonekane umehama. Chini naongeza kriki ya kawaida kwenye karteri ya mafuta (sampo), katikati yao kipande cha ubao, maana karteri ni bati na hubonyea. Kriki ya magurudumu inakwenda chini ya bwati. Ukimaliza, tikisa moteri kwa mkono. Nikiona boriti inalia, naibadilisha. Mara ya kwanza nilitumia mbao ya mninga iliyokuwa na fundo, ikapasuka sauti ya bunduki, na jirani wote wakatoka nje. Moteri ilishuka sentimita mbili tu kwa sababu kriki ya pili ilikuwepo.

8. Fungua sapoti (kiegemeo) ya bwati, kisha boloni zinazoiunganisha na moteri. Hazilingani urefu. Chora umbo la bwati kwenye karatoni, utoboe mashimo, na kila boloni uichomeke mahali ilipotoka. Moja ya juu iache ikishika nusu mpaka mko tayari wote wawili.

9. Vuta bwati kwa unyoofu. Bwati ya gari ndogo ina kilo 30 na kitu, si ya mtu mmoja aliyelala chali. Usiiache kamwe ining'inie kwenye mhimili wake uliomo ndani ya disiki, maana inapinda kitovu cha disiki. Ikikataa, kuna boloni umesahau. Ipo daima.

10. Ukiwa na plato mbele ya macho, usiifungue bado. Tazama. Vidole vyake viko sawa kimo, au kimoja kimezama? Kuna mafuta yametapakaa? Ukishaona, legeza boloni kwa kuvuka (moja, kisha inayoikabili), nusu mzunguko kila moja, ukizungukia. Ukifungua moja kabisa kabla ya nyingine, plato inapinda. Mkono mmoja uwe chini, disiki huanguka.

Vumbi jeusi utakalolikuta usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Disiki za zamani zilitengenezwa kwa amianti (asbestosi), na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Lilowanishe kwa dawa ya freni, ulipanguse kwa kitambaa, ukitupe.

11. Soma disiki ya zamani kama daktari anavyosoma ulimi. Vichwa vya riveti viko chini ya uso kwa milimita 0.3 au pungufu: imekwisha kihalali. Nyuzi zina mafuta: sili inavuja, na lazima ujue ipi. Yakiwa upande wa volani na yananuka moteri, ni sili ya nyuma ya moteri. Yakiwa upande wa bwati na yananuka kibiriti, ni ya mhimili wa bwati. Volani yenye madoa ya bluu au nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka ilichemka. Madoa hafifu yanatoka kwa msasa; nyufa na mabonde ni kazi ya fundi wa kukereza chuma. Volani usiifungue bila sababu; kubadilisha sili ya nyuma ya moteri, iliyojificha nyuma yake, ni sababu. Ukiifungua, boloni zake zina nguvu yake maalumu ya kukaza ndani ya kitabu cha moteri yako, usibahatishe.

12. Nenda dukani na vyote vitatu. Ukirudi, kabla ya kufunga chochote, ingiza disiki mpya kwenye mhimili wa bwati. Inapaswa kuteleza yenyewe mpaka mwisho, bila kuchezacheza. Jaribio hilo la sekunde tano lingemwokoa kijana mmoja niliyemsaidia hapa Muhungu. Alipambana na bwati saa tatu nzima, jasho, matope, akanitazama akasema: "Patro, imegoma kuingia." Disiki ilikuwa na meno ya gari nyingine.

13. Safisha volani na uso wa plato kwa dawa ya freni. Plato mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani, usipoyatoa itatetemeka tangu siku ya kwanza. Mikono yenye grisi isiguse nyuzi.

14. Weka disiki kwa upande sahihi. Hili ndilo kosa namba moja la wanaoanza. Kwa Toyota hizi, sehemu iliyovimba yenye springi inatazama bwati, upande bapa unatazama volani; tena disiki nyingi zina maandishi yanayotaja upande. Ukigeuza, springi zinagusa boloni za volani na ambreaje haiachii kabisa, nawe utashusha bwati upya. Ingiza kijiti cha kusawazisha, weka plato juu yake, kaza boloni kwa kuvuka kidogo kidogo hadi Nm 19 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza kwenye kle). Kijiti kikitoka na kuingia kwa vidole viwili, disiki iko katikati. Kikibana, legeza uanze tena.

15. Badilisha bute na angalia furshete (uma unaoisukuma bute) haijalika. Kwenye meno ya mhimili weka grisi kiasi cha kucha, kisha ingiza disiki, itoe, ufute iliyobaki. Grisi ikizidi itarushwa kwenye nyuzi, na kazi yako yote imepotea.

16. Rudisha bwati. Iweke kwenye vitesi yoyote, iinue mpaka iwe sambamba na moteri, isukume huku mwenzako akizungusha sehemu ya kutoka kadani pole pole. Meno yanakutana yenyewe. Ikibaki pengo la sentimita moja au mbili, msimamo si sawa, pandisha au shusha kriki. Usivute pengo kwa boloni! Masikio ya bwati ni aluminiamu, huvunjika kwa sauti ndogo na bei kubwa. Boloni kubwa za ufunguo wa 17 zinakazwa Nm 64, ndogo za 14 Nm 46.

17. Rudisha kila kitu kwa mpangilio wa kinyume: sapoti, kadani zenye sili mpya, rotili, demareri, waya, resepteri. Jaza mafuta ya bwati mpaka yaanze kutoka kwenye tundu la kujazia. Corolla inachukua karibu lita 2. Ukiwa umefungua paipu ya likidi, toa hewa: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua skurubu ya resepteri, anafunga kabla pedali haijaachiwa. Endelea mpaka mapovu yaishe.

18. Gari ingali kwenye shandeli, hakuna mtu chini, washa ukiwa umekanyaga pedali. Ingiza ya kwanza, halafu ya nyuma. Zikiingia kimya, shusha gari na ukaze nati za kadani zikiwa chini. Kwa Corolla za miaka ya 1990 ni Nm 216. Pini mpya.

Mambo yakienda kombo

Vitesi haziingii moteri ikiwaka, lakini zinaingia ikiwa imezimwa. Anza na hewa kwenye likidi na marekebisho ya pedali. Hayo yakiwa sawa, disiki imegeuzwa au ilipinda bwati iliponing'inia. Pole. Inashuka tena.

Inateleza ingali mpya. Tafuta nafasi ya bure ya pedali kwanza. Kisha mafuta. Uwezekano wa tatu ni plato isiyo ya gari yako.

Inatetemeka unapoondoka. Kama ni hafifu, ipe siku chache. Ikiendelea, ama hukusafisha plato, ama volani ilihitaji kukerezwa, ama sapoti ya moteri ilipasuka wakati wa kazi. Mwambie mtu aitazame moteri wewe ukiondoka.

Matone ya mafuta chini baada ya usiku mmoja, upande wa gurudumu. Sili ya kadani ilikunjwa wakati wa kuingiza. Hii haihitaji kushusha bwati, ni kadani moja tu.

Taa ya kurudi nyuma haiwaki. Umesahau plagi. Kila mtu huisahau.

Ukichagua garaji

Si aibu, na kwa mpando wa hapa mara nyingi ndiyo akili. Fanya haya: nunua seti mwenyewe au mwende dukani pamoja, patana bei ya kazi ikiwa pamoja na sili na mafuta, la sivyo vitu hivyo "vitagunduliwa" mchana, na omba upigiwe simu bwati ikishafunguka, ufike uone volani kwa macho. Mimi huweka alama ndogo ya rangi ya kucha kwenye plato mpya kabla ya kuwakabidhi. Mekanisiye mwaminifu anacheka tu. Disiki na plato za zamani unaondoka nazo ndani ya gari, hata kama utazitupa nyumbani, maana plato kuukuu iliyobaki garaji inaweza kupakwa rangi ikauzwa kwa mwingine.

Kilomita za kwanza

Disiki mpya inahitaji kama kilomita 500 za kuzoeana na volani: kuondoka taratibu, bila mzigo mzito, bila kuvuta gari ya mtu. Huku hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Ndiyo maana wengi wetu tunaichezesha pedali kwenye mpando, na ndiyo maana ambreaje zetu hufa kabla ya kuzeeka. Ukisimama kwenye foleni ya mpando, shika gari kwa freni ya mkono, usiishike kwa ambreaje. Mguu wa kushoto ukiwa hauna kazi, ukae sakafuni. Mimi wiki ya kwanza naendesha mtaa wa Nguba na katikati ya mji, asubuhi mapema kabla ya foleni ya pale panapoitwa Essence. Kadutu naiacha hadi wiki ya pili, na siku hiyo simbebi shemeji.